Kiganja cha Bibi

Juzi nilikuwa stendi ya Kasulu nasubiri basi ambalo sikuwa na uhakika kama nitalipanda. Mama lishe mmoja alikuwa anachuja uji wa karanga kwa kitambaa cheupe, anakikamua kama mtu anayekamua nguo, na harufu ya karanga ikichanganyika na ya kitambaa chenye unyevu ikanipiga usoni. Nilikuwa nimeshashika kikombe. Nikakirudisha mezani.

"Umeona nzi?" akaniuliza.

"Hapana. Nimemkumbuka mtu."

"Basi kunywa, huyo mtu hayumo humu."

Watu wa kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka, lakini sikunywa.

Sisi tuliokulia huku milimani wakati ule tulilishwa kwa kiganja. Walio rika langu watanielewa. Mama au bibi anakaa chini, ananyoosha miguu, anamlaza mtoto mapajani kichwa kikining'inia kidogo. Anakunja kiganja cha kushoto kama kikombe chini ya mdomo wa mtoto, kisha anamimina uji. Kiganja kinaziba mdomo na pua kwa pamoja, na mtoto akitaka kuvuta pumzi lazima ameze kwanza. Analia, anapiga miguu, uji unamwingia masikioni, na mwisho tumbo linajaa hadi linang'aa. Hakuna aliyeuona huo kuwa ukatili. Mtoto ambaye hakulishwa hivyo alihesabiwa kuwa na mama mvivu. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa bingwa wa kazi hiyo kijijini kwetu, upande wa Busunzu. Watu walimletea watoto waliokataa kula, na nilimwona akiwashinda wote. Mimi pia alinishinda, ingawa sikumbuki. Naambiwa nilimuuma.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la nne na nilikuwa nimeugua malaria. Kwa siku tatu sikutia kitu mdomoni, na siku ya nne nikaanza kulia nataka samaki. Juu ya kichanja cha jikoni kulikuwa na mgebuka mmoja mkavu, umefungwa kwenye jani la mgomba. Ulikuwa wa baba. Mama alinitazama, akatazama juu, akaushusha, akauchoma, akaninyambulia. Niliula wote hadi mkia. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile, na mpaka leo naona aibu kusema hivyo, kwa sababu mchana ule ule baba alirudi kutoka kwenye pombe ya ndizi akaulizia samaki wake.

"Mtoto amekula," mama akamjibu. Alikuwa uani anatwanga mihogo na hakuacha kutwanga. "Alikuwa na siku tatu hajala."

"Nimekuuliza samaki, sikukuuliza mtoto."

"Samaki yuko tumboni mwa mtoto. Mtoe humo kama unaweza."

Baba alimpokonya mchi taratibu, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo. Pigo la kwanza lilimpata mama begani. La pili lilimpata kichwani, juu ya sikio la kushoto, na sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa kama boga linapodondoka. Mama akakaa chini, kisha akalala, na mkono wake wa kulia ukawa unapanda na kushuka wenyewe kana kwamba bado unatwanga. Baba akaniangalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na vidole vyangu vilikuwa bado vinanuka samaki. Nikavificha nyuma.

Majirani hawakukawia. Walimpiga baba kwa fimbo, kwa mateke, na mwisho kwa mchi ule ule, mpaka mgambo wawili walipofika wakamfunga kwa kamba ya mbuzi. Bibi alijilaza juu yake kumkinga, na fimbo mbili tatu zikamshukia yeye mgongoni. Hakulia. Alikuwa anasema tu, "Ninaye mmoja. Ninaye mmoja tu." Uso wa baba ulikuwa umevimba hadi macho hayaonekani, na nilipomwona vile nilifurahi, kisha nikaogopa, kisha sikujua tena nafanya nini pale.

Mama alibebwa kwa machela ya miti hadi barabarani, akapakiwa kwenye lori la mihogo hadi hospitali. Hospitali yenyewe siitaji kwa jina, maana wengi waliokuwepo bado wako kazini. Kabla ya kupokelewa ilibidi tupite polisi kuchukua fomu, ile ambayo majeruhi wa kupigwa hatibiwi vizuri bila kuwa nayo. Afande aliyeijaza alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi. Alimwandika baba, akamwandika mama, akapiga mhuri, halafu akamwambia bibi kwa sauti ya chini, "Omba mkwe wako apone, bibi. Akipona hili ni shambulio. Akifa ni mauaji, na mwanao hutamwona tena akiwa nje."

Bibi aliikunja fomu ile mara nne akaitia kifuani. Kwao mama ni ng'ambo ya Mabamba, upande wa Burundi, na hakukuwa na mtu wa kuja upesi. Kwa hiyo aliyekaa hospitalini kumuuguza mama yangu alikuwa mama wa mtu aliyempasua kichwa, pamoja na mimi niliyekula samaki. Baba alikuwa mahabusu. Nilidhani watu wote wodini wanajua kuhusu yule samaki.

Mama hakuwa amekufa na hakuwa macho. Alifumbua jicho, akalifumba. Alinguruma. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea kabisa, ule wa kushoto ulikuwa na nguvu za ajabu na uling'oa kila ulichokipata, dripu, shuka, nywele za mtu. Siku ya pili sista aliyekuwa kwenye zamu alikuja na sinia. Aliitwa sista Zuhura, mtu wa Tanga, mfupi, mwenye Kiswahili ambacho sisi tulikiona kama cha redioni. Alituambia tutoke nje. Nilizunguka wodi nikapanda juu ya tofali, nikachungulia dirishani.

Nilimwona akimkalisha mama, mwenzake akimshika kichwa kwa nyuma. Nilimwona akichukua mpira mrefu mwembamba, kama utumbo wa kuku, akaupaka kitu kinachoteleza, akaanza kuuingiza puani. Mama alirusha kichwa, akakohoa, machozi yakamtoka, tone la damu likateremka mdomoni. Sista hakuacha. Alisukuma na kusukuma huku akisema, "Meza, mama, meza, meza hivyo hivyo," na mpira ukazidi kuzama hadi nikajiuliza unaishia wapi. Kisha akaubandika kwa plasta shavuni. Halafu akachukua bandeji, akaufunga mkono wa kushoto wa mama kwenye chuma cha kitanda.

Baba nilimwelewa. Alikuwa amelewa na alinyimwa samaki. Huyu hakuwa amelewa na hakunyimwa kitu.

Kazi ya kulisha iligawanywa kama hospitali zetu zote zinavyogawanya. Ndugu wanapika, sista anapitisha. Nyuma ya wodi kulikuwa na banda la kupikia, mafiga kumi na kitu, moshi mtupu. Bibi alipika uji wa mahindi na karanga, wakati mwingine akapata maziwa, akauchuja kwa kipande cha kanga, nami nikaupeleka ndani ukiwa vuguvugu. Siku ya kwanza hakuuchuja vizuri, ukaziba mpira, na sista alimgombeza mbele ya wodi nzima. "Bibi, hapa si jandoni, hatuhitaji madonge," alisema, na wagonjwa wakacheka, na bibi akainama. Tangu hapo aliukamua uji hadi mishipa ya mikono ikamsimama.

Kila baada ya saa tatu sista alikuja na bomba kubwa la sindano lisilo na sindano. Alilichomeka kwenye mdomo wa mpira. Na hapa ndipo nilipoona jambo lililonitia wazimu. Kabla ya kumimina chochote, alivuta. Bomba likajaa maji ya rangi ya uji, yenye povu. Aliyaangalia, akayanusa, akageuka upande wa dirisha, na mimi nilikuwa mguuni mwa kitanda nikimwona mgongo tu. Baadaye alichukua uji wetu, akamimina kidogo kidogo akiwa ameliinua bomba juu, akaenda zake. Nilihesabu. Kila mara alivuta kwanza. Na mama alikuwa anakonda. Mashavu yalibonyea, mifupa ya shingo ikatokeza.

Nilimweleza bibi kule kwenye mafiga. "Anautoa uji, bibi. Tunaoutia asubuhi anauvuta saa sita."

Bibi aliacha kukoroga. "Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona."

"Anaupeleka wapi?"

"Sijui. Anageuka dirishani."

Bibi alitia kuni. "Ndiyo maana hanenepi," akasema. "Wanamfunga mkono asijitetee, wanamnyonya kwa pua. Na mimi mwanangu anaoza ndani."

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa mama mmoja wa Mabamba aliyevunjika paja. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa na jiwe la kuuvuta, na kwa kuwa hakuweza kwenda popote aliishi kwa maneno. Bibi alimuuliza kama naye ameona. "Mimi naona dari," yule mama akajibu. "Lakini mwenzako huyu hajapewa hata donge la ugali tangu aje. Mtu anaishi kwa maji ya karanga? Mimi ningekuwa nimeshakula jiwe langu."

Hayo yalitosha. Siku iliyofuata, saa ambayo zamu zinabadilishana na masista wako chumbani kwao wakikabidhiana, bibi aliingia na bakuli la uji mzito, ule wa kwetu, uliosimama. Alifunga mlango wa wodi akaweka beseni nyuma yake. Mimi nilifungua bandeji. Fundo lilikuwa gumu nikalifungua kwa meno. Kisha nikabandua plasta shavuni mwa mama, nikaushika ule mpira kwa mikono miwili, nikavuta. Ulikuja, ukaja, ukaja, mrefu kuliko nilivyodhani mwili unaweza kuuficha. Mama alitapika kidogo. Nikaona kama nimemtoa nyoka. Niliutupa chini, nikaukanyaga.

Bibi alikuwa ameshapanda kitandani. Alimlaza mama mapajani mwake, mtu mzima, kichwa kikining'inia kidogo, akakunja kiganja. Uso wake ulikuwa uso ule ule wa kijijini akiwa kazini, hauna hasira, hauna huruma, unaangalia mdomo tu. Akamimina. Mama alipiga miguu. Mkono wa kushoto uliokuwa huru uliruka ukamkwaruza bibi shavuni hadi akatoka damu, na bibi akaniambia nimshike, nami nikamshika. Niliulalia ule mkono kwa kifua changu chote. Nilisikia koo la mama likilia kama maji yanayoingia kwenye kibuyu. Nilifurahi. Nilidhani anameza.

"Mnamzibaje pumzi?" yule mama wa Mabamba akasema, halafu sauti ikambadilika. "Nyie. Nyie, huyo anabadilika rangi."

Midomo ya mama ilikuwa ya kijivu. Bibi hakuona. Aliona bakuli limefika nusu, na alikuwa na mwana mmoja tu. Mama wa Mabamba alichukua bakuli lake la bati akaanza kupiga chuma cha kitanda, akapiga, akapiga, hadi beseni la mlangoni likaruka na sista Zuhura akaingia mbio.

Alimvuta bibi kwa nguo, bibi akaanguka sakafuni na uji ukamwagika juu yake. Alimgeuza mama ubavu, akamwingiza vidole mdomoni, akachota uji, akautupa, akachota tena, akampiga mgongoni kwa kiganja, mapigo mazito. Mimi nikaona anampiga mama yangu. Nikamrukia, nikamuuma mkono juu kidogo ya saa yake, nikauma hadi nikapata ladha ya chumvi. Alinizaba kofi nikaona mwanga. Mwenzake alikuja na mashine ya kukanyaga kwa mguu, wakatia mrija kooni wakavuta, na kwenye chupa nikaona uji wa bibi ukiingia, pamoja na damu kidogo. Mashine ile ililia kama kuku anayekabwa. Mwishowe mama alivuta pumzi moja ndefu yenye mikwaruzo. Bibi alikuwa bado sakafuni, uji kifuani, ameinua kiganja chake anakitazama.

Uji ulikuwa umeshaingia mapafuni. Jioni mama alianza homa, na kwa siku sita alipumua kama mtu anayesaga mawe. Daktari alimwambia bibi ajiandae. Bibi aliacha kula. Alikaa ukutani nje, na watu walipopita akawaambia bila kuulizwa, "Mimi ndiye nimemuua, si mwanangu. Andikeni mimi." Afande mwenye kikohozi alipita siku mojawapo kuulizia hali ya mgonjwa, na bibi akamwambia hivyo hivyo. Afande alimtazama, akamwambia aende akanywe maji.

Siku ya pili ya homa ile sista Zuhura alinishika sikio, akanipeleka kitandani. Mpira mwingine ulikuwa umeshawekwa. Mkono wake ulikuwa na bandeji pale nilipomuuma, na alinipa lile bomba.

"Vuta."

Sikusogea.

"Si unasema naiba? Jirani yenu kaniambia. Vuta mwenyewe, mwizi mwenzangu."

Nikavuta. Bomba lilikuja na maji ya uji, yenye povu, yananuka uchachu.

"Hicho ni nini?"

"Uji wa asubuhi."

"Umetoka wapi?"

"Tumboni."

"Basi mpira uko tumboni. Nikivuta nikakosa, au nikapata hewa tupu, najua umehama, na nikimimina hapo nitakuwa namzamisha. Sasa urudishe."

"Niurudishe?"

"Ni wa kwake. Mimi nautaka wa nini? Rudisha polepole."

Nikaurudisha. Ulishuka wote. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia tangu mwanzo, akasema, "Hamkuuliza." Baada ya hatua mbili akageuka. "Na mimi sikusema," akaongeza, akaenda. Hakuomba radhi kwa lile kofi, nami sikuomba radhi kwa meno. Tangu siku ile mimi nauliza. Nimefukuzwa kazi mara mbili kwa kuuliza. Shuleni nako sikukaa muda mrefu baada ya pale. Nilirudi nikiwa na maswali ambayo mwalimu aliyaita utovu wa adabu, nikaondoka, na mpaka sasa sijatulia mji mmoja.

Siku ya saba homa ilishuka. Siku ya kumi mama alifumbua macho mawili kwa pamoja akaniangalia, na nikajua ananiona. Sista alimwita bibi kutoka ukutani.

"Bibi yangu, shikamoo. Njoo nikufundishe kazi."

"Mimi sina mikono tena, mwanangu."

"Unayo miwili. Shida yako ni kwamba unaitumia yote. Mkono wa kushoto weka nyuma."

Ndivyo bibi yangu, bingwa wa Busunzu, alivyojifunza kulisha upya akiwa amezidi miaka sitini. Kichwa cha mgonjwa kimeinuliwa kwa mito, kidevu kikiinama kidogo. Kijiko cha chai, nusu yake. Uji uwe mzito wa kulala kwenye kijiko, kwa sababu mwepesi unakimbia kabla koo halijajua. Weka upande wa kushoto wa mdomo, ule unaohisi. Halafu ngoja. Kiini cha kazi yote kilikuwa kungoja. Tazama koo lipande, lishuke. Kisha mwambie atoe sauti, aseme aaa, na ukisikia sauti ina maji ndani yake acha kabisa. Mara kwa mara nilikiona kiganja cha kushoto kikija mbele chenyewe, kimeshakunjika, na bibi akikirudisha nyuma ya mgongo kama anayemfukuza mbwa.

"Bibi amekuwa askari," mama wa Mabamba akasema. "Mguu sawa."

Lakini bibi alikuwa na shughuli yake nyingine ndani ya shughuli ile. Sista alisema mama azoezwe kutoa sauti kila baada ya kumeza, kisha maneno mafupi, kwa kuwa koo la kumezea na la kusemea ni majirani. Sista akishatoka, bibi alisubiri koo lipande lishuke, akainama sikioni mwa mama. "Sema, niliteleza." Kijiko. "Sema, niliteleza kwenye jiwe la kusagia." Kijiko. Mama alisema aaa. "Ni-li-te-le-za." Aaa. Asubuhi, mchana, alasiri. Sikuwahi kumsikia akitishia. Alikuwa anambembeleza, anamfuta kidevu, anampanga nywele pembeni ya jeraha, na kila kijiko kilikuja na neno lile. Mimi pia nilizoezwa kule kwenye mafiga. Mama alikuwa amebeba maji, akateleza, akajigonga. Baba alikuwa kwenye pombe. Majirani walimpiga kwa wivu tu.

"Na samaki?" nikamuuliza.

"Hakukuwa na samaki."

Mtu wa rika langu atajua jinsi neno hilo lilivyonipunguzia mzigo. Kama hakukuwa na samaki, sikuwa nimekula kitu. Nililikubali kwa moyo wote.

Mpira ulitolewa mwishoni mwa wiki ya tatu. Mama alikuwa anakaa kwa kuegemezwa, anamaliza bakuli zima kwa kijiko, ingawa mkono wa kulia ulibaki kama wa mtu mwingine na wa kushoto ulikuwa bado unatetemeka. Akitaka kula alikuwa anafungua mdomo tu, kama kifaranga. Maneno yalikuwa yanamtoka moja moja, kwa kuyatafuta. "Maji." "Baridi." Jina langu, nusu.

Afande alikuja mchana, saa ya chakula, akiwa na kitabu na kalamu. Sista Zuhura alisimama mguuni mwa kitanda. Bibi alikuwa kwenye kigoda na bakuli mapajani. Afande alianza na mimi.

"Wewe mtoto ulikuwepo. Uliona nini?"

"Aliteleza," nikasema. "Kwenye jiwe la kusagia."

"Baba alikuwa wapi?"

"Kwenye pombe."

Alinitazama kidogo, akaandika. Nilisikia bibi akitoa pumzi. Kisha afande akasogea karibu na mto. "Mama, pole. Unaweza kunieleza kilichokupata? Polepole tu, hatuna haraka."

Mama alikuwa na uji mdomoni. Bibi, bila kufikiri, akainua kijiko kumwashiria afande asubiri. Tulisubiri sote, afande na kalamu yake, sista, mama wa Mabamba kimya kwa mara ya kwanza, hadi koo lilipopanda na kushuka. Bibi aliinama mbele, midomo yake ikaanza kulitengeneza lile neno, bila sauti, ni-li-te.

"Ni-li," mama akasema.

Bibi akaitikia kwa kichwa kumsaidia.

"Nilipigwa," mama akasema.

Mama alivuta pumzi, akawa anatafuta, jasho likimtoka puani. Kila neno alilitoa kwa kazi, kama mtu anayeng'oa visiki.

"Mchi. Mume wangu. Mtoto... anasema hivyo... ameogopa." Akamgeukia bibi, akamtazama, akamwonyesha kwa kidevu. "Mwana... wa huyu mama... anayenilisha."

Kalamu ya afande ilikuwa inakwaruza karatasi. Bibi alikuwa ameshika kijiko hewani, kimejaa, na uji ulikuwa unadondoka kwenye kanga yake tone kwa tone bila yeye kuuona. Sista Zuhura alipiga hatua moja, mkono mbele, nadhani alitaka kumpokea bakuli. Mimi nilikuwa nimejishikiza kwenye chuma cha kitanda na nilijua, kama mtoto anavyojua, kwamba sasa kitatokea kitu kama kile cha uani kwetu.

Mama alifungua mdomo.

Hakuomba wala hakumkejeli. Alikuwa na njaa, na alikuwa amemaliza kusema. Akabaki hivyo, mdomo wazi, macho kwa bibi.

Bibi alimtazama hadi afande akaacha kuandika. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni na hakuyafuta. Kisha alikung'uta kijiko ukingoni mwa bakuli, akachota upya, nusu, akakipeleka upande wa kushoto. Mama akafunga midomo. Bibi akangoja, akitazama koo, hadi likapanda na kushuka.

"Sema aaa," akamwambia, sauti imekauka.

Mama akasema. Sauti ilikuwa safi, haina maji.

Bibi akachota kingine. Bakuli lilikuwa bado nusu.